Meno Matatu Begani mwa Nyarangi

Mkono wa kulia wa Nyarangi ulikuwa umegoma kupita usawa wa kidevu. Kuvaa shati alivishwa, ugali aliuinamia sahanini, na hayo angeyavumilia. Lakini kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: asiyeweza kujipandisha kwa mikono yake hashuki shimoni. Ngazi haikuwapo. Ulishika vitundu vilivyochongwa ukutani juu ya kichwa chako, ukajivuta. Machuki, mkuu wa kundi lao na mtu wa kwao Kegonga, alimpa mpaka Jumatatu. Baada ya hapo nafasi yake ingekwenda kwa mwingine, na walioitamani walikuwa wengi kama siafu.

Ndiyo sababu akaenda Ndhiwa kwa Phelesia, ingawa miguu haikutaka. Ndhiwa aliijua kwa alfajiri moja tu ya mwaka tisini na moja, miaka mitano nyuma, na aliapa kutoijua tena. Phelesia alikuwa mama wa Kijaluo aliyefundishwa na mtawa mmoja wa kigeni, katika zahanati ya misheni, jinsi ya kutuliza maumivu kwa kubonyeza sehemu fulani za mwili. Hakuwa na dawa wala sindano. Alikuwa na vidole gumba viwili, na watu walitoka mbali kuvifuata.

Jumatano hiyo alimbonyeza Nyarangi katikati ya gumba na kidole cha shahada, kisha penye kishimo chini ya mtulinga, kisha ubavuni mwa bega, kila mara akiuliza maumivu yanakimbilia wapi. Nyarangi alijibu kama mtu anayeandikisha maelezo polisi, hata habari ya Jumatatu akaitoa. Mkono ukapanda hadi sikioni. Alikuwa karibu kushukuru, vidole vilipofika kwenye kovu lililoko nyuma ya bega.

Phelesia akainama kulitazama. Akapaka mafuta ya mbarika, akaifinya ngozi na kujaribu kuiviringisha. Haikusogea, imeng'ang'ania nyama kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Akamweleza kwamba ugonjwa haumo kwenye kiungo. Kovu ndilo lililoota mizizi ndani na kulifunga bega, na likilegezwa mkono utapanda. Kisha akauliza ni nini kilichomkata. Nyarangi akasema jiwe, kule shimoni.

"Jiwe gani hilo lenye meno matatu?"

Akanyoosha mkono kwenye boriti akashusha mkuki wa kuvulia kamongo, samaki yule wa kinamasi. Ulikuwa na ncha tatu, na ya katikati ilikuwa imepinda kushoto. Hakupima kitu. Aliziweka ncha mgongoni mwa Nyarangi, za baridi, nazo zikakaa mahali pake kama ufunguo kwenye kufuli.

Nyarangi akaruka na kushika shati lake.

"Toka ukitaka," Phelesia akasema. "Jumatatu utapanda kwa ulimi."

Nyarangi akasimama mlangoni, naye Phelesia akampa habari yote. Alfajiri ile ng'ombe wa mumewe, Elkanah, walichukuliwa. Elkanah aliwafuata wezi, watu wa Kegonga, hadi kinamasini, akamrushia mmoja mkuki, akarudi nao ukiwa na damu. Nani aliyemwamini? Walisema alijificha kwenye mafunjo mpaka jua likatoka, na damu ni ya samaki. Tangu hapo wakamwita Kamongo, kwa kuwa kamongo ndiye samaki anayejizika kwenye tope ukame ukija. Matangani, wanaume wakisimama kumsifu marehemu, yeye hapewi nafasi ya kusema.

"Ng'ombe sitaki, wameshakuwa supu kwenu. Nataka ukae pale nje kwenye benchi, bila shati."

Kwenye benchi walikuwa wagonjwa watano, wote wa Ndhiwa. Nyarangi akamwambia kwamba watamuua.

"Mgonjwa wangu hauawi hapa. Kutukanwa, hilo sijakuahidi."

Nyarangi akamwita mchawi na mpelelezi, akaongeza la tatu lisilofaa kuandikwa, akaondoka.

Kesho yake alijaribu ukuta wa shimo. Kitundu cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu bega likajifunga, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja mpaka Machuki alipomvuta kwa mshipi kama mbuzi. Machuki akawatazama waliosubiri nafasi pembeni, na Nyarangi alijua maana yake.

Ijumaa akarudi Ndhiwa. Hakusalimu. Alivua shati kwa shida, akaketi kwenye benchi akiwapa watu mgongo. Bibi mmoja, alipotambua kwa sura kwamba ni mtu wa Kegonga, akasogea mbali naye kwa haraka. Mwanamume mmoja akatema mate karibu na kiatu chake. Phelesia akatuma mtu shambani, na Elkanah akaja na jembe begani, mwembamba, asiyetazama watu usoni.

Aliliona kovu, akaweka jembe chini. Akaweka vidole vitatu juu ya alama tatu, na cha katikati kikapinda chenyewe kushoto. Yule bibi akasogea tena kutazama. Yule aliyetema mate alianza kusema "Kamo—" akalimeza.

"Nilikuwa nimelenga shingo," Elkanah akasema.

Nyarangi angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa mtu wa kiburi, na hata kwa adui hakupenda kupunja.

"Niliinama," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nisingeinama, ungepata."

Elkanah akachukua jembe lake. Aliondoka akipita katikati ya njia, na yule mwanamume akavuta miguu yake kumpisha.

Ndani, Phelesia akaishika ngozi ya kovu akaivuta kuliko alivyohitaji, akaiviringisha, akaichimba kwa gumba mpaka machozi yakamjaa Nyarangi. Hakulia, maana benchi ilikuwa inasikiliza. Kitu kikaachia ndani ya bega. Mkono ukapita sikio, ukapita kichwa, kiganja kikagusa boriti uliporudishwa mkuki.

"Hapo," Phelesia akasema, akifuta mafuta mikononi. "Rudi Jumapili nimalizie. Na mkuki wa bwana wangu usiuguse."