Fundi Ooko Anaeleza Nairobi

Lori la kiwanda lilikuwa limekwama kwenye matope ya mteremko, kwa hiyo Jumamosi hiyo wakulima wa Kaplelmet walikaa kwenye kituo cha majani ya chai wakisubiri. Wanawake walimwaga majani yao juu ya meza ya waya, wakatoa yale magumu na vijiti, wakarudisha mazuri kwenye vikapu. Bethwel, karani wa kupima, alitundika mizani yake akaenda kunywa chai. Mvua ya saa nane ilikuwa imepita na jua limerudi. Kwenye benchi la mwisho, karibu na ukuta, marehemu Ooko alikuwa akimweleza mwalimu wa shule ya msingi jinsi ya kuvuka barabara kubwa Nairobi.

"Usikimbie," alimwambia. "Ukikimbia, kila mtu anajua wewe ni mgeni. Tafuta mama amebeba mtoto, simama kando yake. Akienda, enda."

Mwalimu alishukuru, akasogea. Ilikuwa zamu ya mama mmoja, Chepchirchir.

Alfayo Ooko alikuwa fundi wa kuchora mabango. Ujanani aliishi Nairobi miaka mingi. Alipaka mapazia ya jukwaa kwa watu wa michezo ya kuigiza, akaandika majina ya bendi kwenye kuta za baa, akachora simba na ndege kwenye ubavu wa mabasi. Baadaye alichoka na kodi za mjini, akaja Kaplelmet, soko dogo lililo chini ya Roret, pamoja na mkewe Molly Akeyo. Walinunua kiwanja wakafungua duka. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na bango lolote katika soko lile ambalo mkono wake haukupitia, kuanzia posho mill ya kusagia mahindi hadi kanisa. Mwaka wa tisini na mbili, maduka ya watu waliotoka upande wa ziwa, kama wao, yalichomwa mchana mmoja, na Ooko alikuwa ndani ya duka lake. Molly alikuwa ameenda mtoni. Alipoona moshi hakurudi.

Ooko alianza kuja kituoni mwaka uliofuata, wakati wa kupalilia mahindi. Watu walisogea wakampa nafasi kwenye benchi, kama wanavyompa mtu yeyote aliyetoka safari. Mara moja tu Bethwel alimwomba akae mbali kidogo na magunia, kwa sababu mkono wa kushoto wa koti lake ulikuwa bado unatoa moshi, na majani ya chai hushika harufu upesi. Ooko aliona hilo ni jambo la haki. Tangu hapo akawa anakaa benchi la mwisho.

Haukupita muda watu wakagundua faida yake. Aliijua Nairobi vizuri kuliko mtu yeyote wa pale, na si ile ya zamani tu. Alijua ukumbi gani umefungwa, bendi gani imehama, mchezo gani unaonyeshwa wiki hiyo na kama unastahili nauli. Yeyote aliyekuwa na safari alipitia kwake kwanza. Chifu mwenyewe alikuja kumuuliza mahali pazuri pa kumpeleka mgeni wake kusikiliza muziki Jumapili mchana, na Ooko akamweleza. Kuhusu moto hakuna aliyemuuliza, wala chifu.

Chepchirchir aliweka kikapu chake chini, akakaa.

"Chepkemoi ametuita," alisema. "Picha alizochora zitaonyeshwa Nairobi, katika nyumba ya picha. Mimi na baba yake."

Uso wa Ooko ulichangamka. Chepkemoi alikuwa binti wa Chepchirchir, na ni Ooko aliyemfundisha kushika brashi. Alipokuwa msichana wa shule alipita dukani kila jioni akijaza rangi ndani ya herufi ambazo Ooko alikuwa ameshazichora. Sasa alikuwa Nairobi mwaka wa tatu, akichora, na magazeti yalikuwa yameanza kulitaja jina lake.

Ooko alimweleza Chepchirchir kama mtu anayeelekeza wageni nyumbani kwake. Washuke kwenye basi kabla ya stendi, pale abiria wenyeji wanaposhuka, kwa sababu stendini kuna watu wanaopenda sana kuwabebea wageni mizigo. Wasitazame maghorofa huku wakitembea. Wakitaka kutazama, wasimame kando ya ukuta watazame mpaka watosheke. Njia wamuulize mpiga rangi viatu, maana yeye haendi popote na kudanganya hakumfaidi. Chakula wale wanapokula makondakta. Kama watabaki na nguvu, waende kwenye mchezo wa mchana, wachukue viti vya nyuma, kwa sababu katika ukumbi ule sauti hupanda nyuma, na walio mbele hulipa zaidi kwa kutazama viatu vya waigizaji.

"Mkifika kwa picha," alisema, "usisogee karibu mara moja. Simama nyuma kwanza, halafu uende polepole. Watapita na vitu vidogo vya kula kwa sinia. Chukua kimoja, watarudi. Na mtu akisema picha ni nzuri sana, bado hajanunua."

Chepchirchir alicheka. Kisha Ooko akatazama barabarani. Hezekiah, mumewe Chepchirchir, alikuwa amesimama huko peke yake na kikapu chake, kama alivyosimama kila Jumamosi.

"Mwambie mzee avae viatu vya zamani," Ooko alisema. "Mji ule si wa kuzoeshea viatu vipya."

Hezekiah alikuwa mtu wa kanisa na mchapakazi. Alikuwa na hoteli pale sokoni, na mandazi yake yalisifiwa mpaka Roret. Hoteli hiyo ilisimama kwenye kiwanja cha Ooko. Kiwanja kilikaa kitupu msimu mmoja baada ya moto, kisha Hezekiah akajenga. Hakuna aliyemkataza. Chepchirchir alimuuliza wakati ule kama wenyewe hawatarudi, naye akajibu kwamba majani yataota pale bure. Chepchirchir hakuuliza tena. Lakini tangu Ooko aanze kuja, Hezekiah hakuwahi kufika kwenye benchi la mwisho.

"Kuna kitu kingine," Ooko alisema Chepchirchir alipoinuka. "Ukikutana na mtu anayemjua Molly, uliza anakaa wapi. Nairobi naijua. Kule alienda sikujui."

Safari ilikuwa kama alivyosema. Walishuka pale wenyeji waliposhuka. Mpiga rangi viatu aliwaonyesha njia bila kuinua kichwa. Walikula ugali na matumbo kati ya makondakta, na Hezekiah akakubali kwamba hajawahi kula vizuri hivyo kwa bei ile. Chepchirchir alitembea katikati ya mji akiwa ameinua shingo kama mwenyeji. Kona moja, mwanamume mwenye tai alimsimamisha kumuuliza ofisi za posta ziko upande gani, naye akamwelekeza, na alikuwa sahihi. Mchezo wa kuigiza ulimchekesha Hezekiah mpaka akalazimika kutoa kitambaa. Ulikuwa unahusu diwani aliyeuza choo cha soko.

Alasiri walifika kwenye nyumba ya picha. Chepkemoi aliwapokea mlangoni, akiwa amevaa vizuri na kunyoa nywele zote. Wageni walikuwa wengi. Picha nyingi zilikuwa za wachumaji wa chai, mikono tu, mikono mikubwa ya kijani, na Chepchirchir aliitambua yake miongoni mwayo. Alisimama nyuma kwanza, halafu akaenda polepole. Alijisikia mrefu.

Kwenye ukuta wa mwisho palikuwa na picha moja peke yake. Ilionyesha duka la mbao lenye mlango wa kijani, ngazi imeegemezwa ukutani, na fundi amesimama mlangoni na brashi, akicheka na mtu asiyeonekana. Chini yake paliandikwa neno moja, Kaplelmet. Mbele yake alikuwa amesimama mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kichwa. Alipogeuka walimwona ni Molly.

Chepkemoi ndiye aliyemtafuta. Alikuwa Kariobangi muda wote huo, akishona nguo za shule.

"Chamgei," Molly aliwasalimu kwa Kipsigis. Alikuwa hajaisahau lugha.

"Chamgei mising," Hezekiah alijibu.

Walipeana mikono wote watatu. Mtu wa sinia akapita, kila mmoja akachukua kimoja. Molly aliuliza hali ya mvua, na kama mtoto wa Bethwel alipona. Kisha akaitazama tena picha.

"Ule mlango bado uko?" aliuliza.

"Uko," Hezekiah alisema. "Haukushika moto wote. Tulitengeneza meza."

"Ulikuwa wa mbao nzuri."

"Nzuri sana. Haujaoza."

Molly aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na jibu. Chepchirchir alitazama sakafu. Ile meza aliijua. Kila asubuhi alikatia mandazi juu yake, na ukiinama chini yake ungeona bado rangi ya kijani. Chepkemoi alikuwa amesimama nyuma yao.

Hezekiah aliitazama picha kwa muda mrefu. Mwishowe alimuuliza binti yake kwa sauti ya chini kama mtu anaweza kuinunua akaiweka nyumbani.

"Hiyo haiuzwi, Baba," Chepkemoi alisema. "Ni ya Mama Molly."

Hezekiah akauliza choo kiko wapi, akaenda.

Alipokwisha kwenda, Molly alimshika Chepchirchir mkono. "Chepkemoi ananiambia mume wangu bado anakuja."

"Jumamosi. Kwa kituo cha majani."

"Anaonekana aje?"

Chepchirchir alifikiri. Alimwambia kwamba ana afya, anaongea sana, na watu wanamheshimu. Kuhusu mkono wa koti hakusema. Alimwambia pia kwamba anamuulizia, na kwamba aje siku moja, hata kwa mchana tu, akae naye pale kwenye benchi.

"Nitafikia wapi, Mama Chepkemoi?" Molly aliuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua. Mara Hezekiah alirudi, akisema kwamba wakichelewa watakosa basi. Kulikuwa bado na jua. Walimkumbatia binti yao, wakampa Molly mkono, wakaondoka.

Ndani ya basi Chepchirchir alimwambia mumewe kwamba kuanzia kesho hatakatia mandazi kwenye meza ile. Hezekiah alisema sawa, atamwekea mabati juu yake.

Jumamosi iliyofuata lori lilichelewa tena. Chepchirchir alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la mwisho, akamweleza Ooko yote kwa utaratibu: basi, makondakta, mchezo wa diwani, mikono ya kijani, mlango. Ooko alisikiliza huku akitabasamu. Chepchirchir alipofika kwenye habari za Molly, alimwambia hayuko upande wa ziwa, yuko Nairobi, Kariobangi.

"Kariobangi," Ooko alisema. "Kariobangi ipi? Kusini au Kaskazini?"

"Kaskazini. Nyuma ya kanisa lenye paa la buluu."

"Naijua hiyo. Kuna njia ya mkato pale, inapita kwa mafundi wa mabati." Alianza kuieleza ile njia, kona kwa kona, kisha akaacha. Moshi wa koti lake ulipanda kidogo, ukatulia.

"Enda basi," Chepchirchir alimwambia. "Wewe njia unaijua."

"Mimi naelekeza tu, Mama Chepkemoi. Kutoka hapa siwezi. Ni hapa niliachwa." Akauliza, "Yeye atakuja?"

"Alisema hana mahali pa kufikia."

Ooko aliitikia kwa kichwa. Hilo aliliona ni kweli. Yeye na Chepchirchir walitazama wanawake wakichambua majani. Chepchirchir alilia kidogo, akajipangusa kwa leso, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Hapo ndipo Hezekiah alipotoka barabarani. Alipita kati ya vikapu, akafika kwenye benchi la mwisho, akavua kofia. Watu walinyamaza, lakini kwa adabu tu, kama wanavyonyamaza mzee akitaka kusema. Chepchirchir alisogea ampe nafasi. Alikuwa amengojea siku hiyo kwa miaka.

"Fundi," Hezekiah alisema, "habari ya siku nyingi."

"Nzuri, mzee. Viatu havikukusumbua?"

"Havikunisumbua. Asante." Aliigeuza kofia mikononi. "Nina safari nyingine ya Nairobi. Peke yangu. Nataka kwenda kwa ofisi za ardhi, nitolewe hati ya kile kiwanja cha sokoni. Sijui nianzie wapi."

Ooko alimtazama. Kisha akamsogelea kidogo kwenye benchi, akaanza kumweleza. Aende siku ya katikati ya wiki, Jumatatu foleni huzunguka jengo. Avuke reli, apande kile kilima kwa njia ya miguu iliyo kando ya ukuta wa mawe. Asitumie lango la mbele, hilo ni la watu wenye magari. Kuna mlango wa upande, na mlinzi wake ni mtu mwema akisalimiwa. Wanaojifanya mawakili nje asiwape kitu. Hezekiah alimwomba arudie sehemu ya kilima. Ooko akairudia, polepole, akimchorea kwa kidole hewani.

"Na wakiuliza kwanza kilikuwa cha nani?" Hezekiah aliuliza.

"Hawaulizi hiyo," Ooko alisema.

Hezekiah alimshukuru, akampa mkono, akavaa kofia yake. Lori lilikuwa limeanza kusikika mteremkoni, na Bethwel akarudi kwenye mizani. Watu walianza kupanga foleni. Chepchirchir alibaki kwenye benchi mpaka alipoitwa jina mara ya pili, kisha akainua kikapu chake akaenda kupimiwa, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana kutoka Sigowet aliyetaka kujua mahali Nairobi ambapo mtu mwenye gitaa anaweza kusikilizwa.