Wageni Wawili Ndani ya Kanzu

Watu walicheka mpaka imamu akaziba mdomo kwa mkono. Jafari alikuwa ameshavua viatu ili ashuke kaburini kumpokea shangazi yake, Bi Somoe, aliyemlea tangu utotoni. Kornelio akamzuia kwa mpini wa jembe.

“Huyu asishuke,” alisema. “Kaburi ni la mtu mmoja. Yeye ana wageni wawili ndani ya kanzu.”

Hakuna aliyeona ajabu. Ukoo wa Kornelio na ukoo wa Jafari ni watani tangu kwa babu zao, na kijijini Mchinga msiba bila mtani umepooza. Mtani anachimba, anabeba, anatukana badala ya kusalimia, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Asubuhi ile Kornelio alikuwa ameshasema kwamba marehemu kafa kwa kuchoka kuiona sura ya Jafari, na kwamba maiti ni nyepesi kwa sababu uji wote wa mgonjwa aliunywa Jafari. Kisha akaishiwa utani, na kilichokuwa karibu na mdomo ndicho kikatoka.

Jafari naye alicheka. Lakini alivaa viatu, akarudi nyuma, akashuka binamu yake badala yake.

Kornelio aliona macho ya wanaume yakishuka kwenye kanzu ya Jafari na kubaki palepale. Hapo ndipo alipojua amefanya nini.

Maana habari ile ilikuwa haijulikani kijijini. Jafari alikuwa mkwezi wa minazi, na Kornelio alikuwa akifua nazi alizoangua yeye. Jafari alipoacha kukwea alisema ni goti, na kila mtu akaamini goti. Kornelio pia aliamini, mpaka alipoisikia habari ya mabusha kwa masikio yake, wiki iliyotangulia, akiwa amekaa kwenye mkeka wa Jafari kama mtu wa kazi.

Kazi yenyewe aliipata kwa Lightness, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu. Chuo kilikuwa kwenye likizo ndefu, na yeye na wenzake walisambazwa pwani kujifunza utafiti. Wake ulikuwa kuuliza kwa nini wanaume wenye mabusha hawaendi kupasuliwa wakati upasuaji ni bure. Msichana wa miaka ishirini na mbili akiingia peke yake uani kwa mtu kuuliza swali kama hilo atafukuzwa kwa ufagio. Kwa hiyo akapewa Kornelio, mwenyeji, amtangulie na kubisha hodi.

Kabla ya nyumba ya kwanza Lightness alimsimamisha njiani. “Baba Kornelio, tutakayoyasikia kwa watu hayatoki. Hata kwa mama nyumbani. Unaniahidi?”

“Mimi si mwanamke wa kisimani,” Kornelio alijibu. “Naahidi.”

Wanaume wengi walisema hawajui chochote. Jafari peke yake alimtuma mkewe Mwanaidi dukani, kisha akasema, “Ninayo, mwanangu. Nimechoka nayo.” Akakubali kuandikwa apasuliwe. Madaktari wa upasuaji walikuwa wanakuja hospitali ya mjini Lindi, na gari lingewachukua wagonjwa Jumatatu. Wakishaondoka, hakuna aliyejua watarudi lini.

Baada ya maziko Lightness alikwenda kwa Jafari kutoa pole. Mwanaidi alisimama mlangoni.

“Yuko shamba.”

“Nitamsubiri, mama.”

“Usimsubiri. Na hilo gari lisimngoje.”

Nyumba zingine mbili zilizokuwa zimeanza kulegea zilifunga milango. Kwenye ya tatu mzee alimwambia Lightness aende akaulize mabusha ya baba yake mwenyewe. Njiani binti alisema, “Nimekosea mahali. Labda niliuliza vibaya. Jumapili nitampigia mwalimu wangu nimwambie nimeiharibu kazi.”

“Watu wa hapa ndivyo walivyo,” alisema Kornelio.

Hilo lilimuuma kuliko lile la makaburini. Lile lilimponyoka. Hili alilisema akiwa na akili zake zote, huku akimtazama mtoto wa watu akibeba mzigo usio wake.

Jumamosi alikwenda kwa Jafari, akazunguka nyuma ya nyumba. Jafari alikuwa akisuka makuti, amekaa upande upande juu ya gogo.

“Umekuja kuona kama nimekufa nami?” Jafari aliuliza. “Bado. Nenda kanunue sanda, ikae.”

“Jafari, nimekuja kukuomba radhi.”

Mikono ikasimama. “Radhi ya nini?”

“Ya pale kaburini.”

“Ule ni utani. Mtani haombi radhi.” Alisema polepole, kama anayemwonyesha mtu njia ya kutokea. “Ukiniomba radhi, maana yake hukutania. Nenda zako, Kornelio.”

Njia ilikuwa wazi. Angeweza kucheka, akatukana kidogo, akaondoka wakiwa watani kama zamani, na Jafari angebaki na mabusha yake.

“Sikutania,” Kornelio alisema. “Nililisikia hapa kwako, baada ya kuahidi, nikaenda kulimwaga. Yule binti hana kosa. Hakusema kwa mtu. Usiliache gari kwa sababu yangu.”

Jafari aliweka kuti chini. Sasa aliruhusiwa kukasirika, na uso wake ukabadilika.

“Sikushuka kumlaza shangazi,” alisema. “Kwa kinywa chako. Toka uani kwangu.”

Kornelio alitoka, akaenda moja kwa moja zahanati alikofikia Lightness, akamweleza yote amesimama. Alitegemea atafokewa. Binti alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Na juzi njiani ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Ukaniacha nijilaumu.”

“Ndiyo.”

“Basi siwezi tena kwenda na wewe kwenye nyumba za watu, baba. Nitamweleza mwalimu kilichotokea, jina lako pia.” Akafungua mlango. “Na kwa mzee Jafari nitakwenda mwenyewe. Akinifukuza, anifukuze.”

Walichozungumza huko Kornelio hakukijua, na hakuwa na haki ya kuuliza.

Jumatatu gari lilisimama kwenye mwembe wa barabarani, Lightness akiwa mlangoni, na watu wakakusanyika kutazama nani atapanda. Kornelio alisimama nyuma yao. Jafari alitokea na Mwanaidi, amevaa kanzu ileile, anatembea kwa kupanua miguu, hafichi tena. Umati ukafunguka. Watu walimgeukia Kornelio, midomo tayari kucheka. Walingoja neno, mtani wake alikuwa anapita.

Kornelio alisogea kumpisha. Alitamani Jafari amwanze, amtukane, amwite mwizi au mchawi, chochote ambacho mtu hawezi kumwambia asiye mtani wake.

Jafari alisimama mbele yake.

“Habari za asubuhi, Bwana Kornelio.”

“Nzuri. Za kwako?”

“Salama. Nyumbani hawajambo?”

“Hawajambo.”

“Tunashukuru,” alisema Jafari, akashika mkono wa Lightness, akapanda garini.