Figa la Safari

...na nywele zake hizi hazijabadilika tangu utotoni, laini kisogoni, ngumu mbele kama za marehemu baba yake, tulia Mado, usitikise kichwa, msuko ukipinda utasema mama amezeeka, na kule nyuma ya nyumba wameanza tena, Emile na kaka yangu Alimasi, Emile anapaza sauti utadhani anaita mbuzi, maskini, na kaka yangu si kiziwi, ni mimi ninayeambiwa, mkwe hawezi kuja kusimama mbele ya mama mkwe wake akafungua kinywa, hata kunitazama usoni ni mwiko, basi anamwambia Alimasi na ukuta unanifikishia... nasikia, baba, nasikia, unataka mke wako arudi Kasongo leo, na lori ya pamba inapakiwa pale ghalani, ikijaa itaondoka, pamoja naye au bila yeye, na mwenye kusema ndiyo ni mimi, kwa sababu mimba ya kwanza huja kuzaliwa kwa mama, ndivyo ilivyo kwetu Wamaza, Mado mwenyewe nilimzaa katika chumba hiki hiki, juu ya mkeka wa mama yangu, mgongo wangu ukiota joto la mafiga haya haya, kitovu chake kikazikwa pale kwenye mgomba, sasa huyu kijana na matofali yake, matofali, matofali, tangu jana anayasema kama mtu anayesifu ng'ombe wa mahari, kwamba maternite ya Kasongo, ile nyumba ya kuzalia, ina vitanda vya chuma, ina maji ndani ya ukuta, ina mtawa aliyesomea kuzalisha, na kwamba yeye Emile ndiye mwashi aliyejenga upande wa dirishani, kila tofali lilipita mkononi mwake, basi anataka mtoto wake alale nyuma ya ukuta wa baba yake, si neno baya hilo, siwezi kusema ni neno baya, nipe kichwa hapa, mwanangu, inama kidogo, tumbo hilo limekuwa kubwa mpaka nafikia nywele kwa shida, na kaka yangu anamjibu nini, ngoja, "Kodi yetu na kodi ya Kasongo iko moja, mukwe, pamba tunalima siye, na ile maternite iko wapi?" na Emile anasema iko Kasongo, Mujomba, kwa sauti ya chini sasa, kana kwamba yeye ndiye aliyeipeleka huko, halafu anaeleza alivyosikia wazungu wakisema pale kazini, kwamba Bulamatari, hii serikali ya wazungu, huweka fedha zake mahali penye watu wengi, Kasongo watu ni wengi, teritwari yetu ya Kabambare watu ni wachache, wametawanyika msituni, na kaka yangu anacheka lile cheko lake la kukohoa, anauliza na ile barabara ya machimbo ya dhahabu ya Salamabila je, iliyonyooshwa hata ukimwaga mtama juu yake utaokota wote, pale walihesabu watu gani, na Emile, maskini, yeye hupewa chokaa na kuambiwa jenga hapa, ni nani humwuliza mwashi nyumba isimame wapi... mimi nimegawa mboga maisha yangu yote, najua, aliyekaa karibu na chungu hupata mnofu, aliyekaa mlangoni hupata mchuzi, hivyo ndivyo mkono unavyotaka wenyewe, lakini mama akiwa mama huushinda mkono wake, humwita yule wa mlangoni kwanza, na Bulamatari si mama wa mtu. Wachache, wanasema, na mimi nauliza tumekuwaje wachache, Régina angekuwepo, mdogo wangu Régina mwenye pengo la meno ambaye hakuweza kubeba maji bila kuimba, naye alirudi nyumbani na mimba yake ya kwanza kama desturi inavyotaka, akalala juu ya mkeka huu, na damu ikaja, haikutaka kukoma, wanaume wakamtia kwenye kipoyi, machela ya miti, wakambeba mabegani kumtafutia mganga, nami nikikimbia pembeni huku amenishika kidole gumba, hivi, kwa nguvu, na tulipofika kijitoni mkono ukalegea, wakageuka, yeye na mtoto tukawazika pamoja, na hakuna aliyekosa siku ile, kwa sababu wakati ule hata Kasongo palikuwa hapana kitu, hatukumlaumu mtu, tulilia tu, lakini leo kitu kipo, kiko mbali lakini kipo, na mimi nimeketi nasuka nywele... Mado hajui, niliwaambia wote wanyamaze, mwenye mimba haambiwi maneno hayo.

Basi kwa nini siinuki nikasema aende, sema kweli, Émérance, hapa moyoni hakuna mtu, ni wewe na kitana, unasingizia desturi, unasingizia mizimu, na unachoogopa ni kuwa bibi wa kuletewa habari, dereva asimame pale barabarani apige honi aseme mama, binti yako amejifungua, na uulize ni nani alimpokea, ni nani alimpa maji ya kwanza, ni nani aliona uso wake kabla haujafutwa, na dereva asijue, wivu, ndio, ni wivu mtupu, namwonea wivu mtawa nisiyemjua... umesema nini, Mado? sikusikia, mjomba wako huko nje anakohoa, sema tena, na anasema bila kugeuka, kichwa chake kikiwa kati ya magoti yangu, "Mama, miye niko na woga," nami namwuliza ni woga ya kuzaa, na anatikisa kichwa na safari hii simkemei, "Hapana, si kuzaa. Ni kuzaa bila weye." Si kuzaa, ni kuzaa bila weye. Ee. Kwa hiyo kwa mama ni wapi, mbona nimezeeka na sijajiuliza, kwa mama si nyumba hii, nusu yake imeliwa na mchwa, wala si mgomba, mgomba ule wa kwanza ulikwisha kuanguka, huu ni mtoto wake, mkeka unakunjwa, kitovu kikidondoka kinafungwa kwenye kitambaa kikarudi huku kikazikwa pale pale, kwa mama ni mahali mama alipo, na mama ana miguu, naam, na mama huyu atapanda lori ya pamba, nitaketi mbele na dereva, na Emile apande juu ya magunia atazame tulikotoka, asinione hata kisogo, pole mkwe wangu, vumbi lote lako, na mtawa atakapouliza jiwe hili la mafiga ya nyumbani chini ya kitanda ni la nini nitamwambia la kupikia uji, atacheka, acheke, mtoto akiwa hai tutarudi kugombana na Bulamatari kwa habari ya Kabambare, Alimasi atasema, mimi nitamshikia mtoto... nje Emile ameanza upya, vitanda, maji ndani ya ukuta, sauti imemkauka, nami bado sijamjibu kitu, tulia Mado, umebaki upande mmoja tu, na yale mafiga matatu pale jikoni, macho yangu yamekwisha kuchagua la kwenda nalo, lile dogo la upande wa mlango, bado lina moto, litapoa kabla lori haijajaa.