Vidonge Viwili Kabla ya Mizani

Kengele ya mwisho ya pambano la kwanza la ngumi ilipolia, hata mke wa Saruji alikuwa ameshainuka na pochi yake kwapani aende zake, maana mumewe alikuwa amepigwa na kila mwenye macho aliona. Jicho moja la Saruji lilikuwa limefumba kabisa. Taratibu, mtoto wa fundi cherehani, alikuwa amesimama kona yake akihema kidogo tu, kama mtu aliyepanda ngazi. Hilo jina alipewa kwa sababu ya upiganaji wake. Hakuwa na papara. Watu walikuwa wakisema Taratibu anampiga mtu kama anayemwomba radhi.

Majaji walikuwa watatu. Mmoja alimpa Taratibu. Wawili wakampa Saruji.

Ukumbi mzima ulilipuka. Viti vya plastiki viliruka. Mama yake Taratibu, ambaye maishani mwake hakuwahi kumtukana mtu mbele za watu, alipanda juu ya benchi akapaza sauti: "Jaji wewe! Ulikuwa unatazama ngumi au ulikuwa unatazama saa?" Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Mjomba wa Taratibu, mdogo wake mama, alimshusha benchini akimshika kiuno, huku mwenyewe akipiga kelele kuliko dada yake: "Wameiba! Mchana kweupe!"

Na kweli waliiba. Hilo hata leo hakuna anayelibishia, na lishikwe vizuri, kwa sababu ndilo lililofungua mlango wa mengine yote. Mtu aliyeibiwa kweli mara moja ni rahisi sana kuamini kwamba ameibiwa tena.

Kelele zilizaa matunda. Baada ya miezi minane kamati ya ngumi iliruhusu pambano la marudiano. Kocha, mzee mwenye masikio yaliyovimba kama andazi, aliyemlea Taratibu mazoezini tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, alimwambia mbele ya mama yake: "Safari hii mwanangu majaji tuwaache wapumzike. Mwangushe."

Shida ikawa uzito. Taratibu alikuwa amekomaa, mifupa imejaa, na miezi ya kukaa na hasira ilikuwa imemwongezea mwili. Siku moja kabla ya kupimwa, mizani ya kocha ilionyesha amezidi karibu kilo nzima. Kocha akamvalisha koti la plastiki, akamrushisha kamba, akamkimbiza, akamfunika mablanketi. Mchana akamleta kwa mama yake alale kidogo.

"Asile kitu, mama," kocha alisema pale mlangoni. "Maji nusu kikombe tu, ayaonje kama dawa. Jioni nitamfuata."

"Nimekuelewa, kocha."

Mwanawe alikuwa amelala juu ya mkeka chini ya meza ya kukatia nguo, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Mama alimtazama akaona mtoto wake aliyeugua surua akiwa na miaka minne. Moyo wa mama hauna mizani. Akakumbuka vidonge vyake mwenyewe, vile alivyopewa zahanati kwa sababu ya presha na miguu kuvimba. Muuguzi alimwambia: "Hivi vinakojoza, mama. Vinatoa maji ya ziada mwilini. Ni vyako peke yako, usimgawie mtu." Naye alikuwa ameitikia kama watu wanavyoitikia wauguzi.

Alijiambia: maji ya ziada ndiyo hasa yanayomtesa mwanangu.

Akatoa kimoja. Akafikiria ukubwa wa yule kijana, mabega kama mlango, akaongeza cha pili. Akavisaga kwa mgongo wa kijiko, akakamulia limau ili uchungu ufichike, akajaza maji nusu kikombe sawasawa na alivyoagizwa. Hakumwambia, kwa sababu alijua angekataa. Kocha alikuwa amewafundisha wasimeze hata kidonge cha kichwa bila kuuliza.

"Mama, limau lako leo kali," Taratibu alisema akikunja uso.

"Limau ni limau. Kunywa ulale."

"Ahsante, mama."

Jioni yote alikwenda chooni. Asubuhi alipanda mizani akapita, tena akabakiza. Kocha akalipiga busu lile koti la plastiki mbele za watu, akisema limemfaa kuliko wake zake wawili waliomkimbia. Mama alicheka hadi akafuta machozi. Furaha yake alikuwa anaijua peke yake.

Pambano halikufika kwa majaji. Raundi ya saba watu wa Saruji walirusha taulo kukubali kushindwa. Taratibu alipiga magoti katikati ya ulingo akalia, na mama yake akalia, na mjomba akapoteza kiatu kimoja mpaka leo hakijaonekana. Kisha bondia akaitwa chumba cha nyuma, akapewa vichupa viwili, kimoja cha kupimwa na kingine cha akiba, akakojoa mbele ya shahidi kama ilivyo kanuni.

Barua ilifika wiki ya tatu. Mjomba ndiye aliyeisoma, amesimama kati ya vitambaa, watu wamejaa kibarazani. Mkojo ulikuwa umekutwa na dawa iliyokatazwa. Jina la dawa lilikuwa refu kama treni, mjomba akalirudia mara tatu bila kufika mwisho wake.

"Haiongezi nguvu yenyewe," kocha alieleza baada ya kuichukua barua na kuisoma polepole. "Hii inasafisha mkojo. Mtu akitumia nyingine, hii inaifunikia. Kwa hiyo wanahesabu ukiwa nayo, una unachokificha."

"Sijameza kitu!" Taratibu alisema. "Kocha, sijameza kitu!"

"Wameiba tena!" mjomba akaruka. "Watu wa Saruji wameinunua maabara!"

Kibaraza kizima kikaitikia: "Wameiba tena!"

Mama aliingia ndani, akafunga mlango. Yeye shule aliishia darasa la saba, lakini herufi anazijua. Aliikunjua karatasi ya pakiti ya vidonge vyake juu ya kitanda, na barua aliyokuwa ameiomba "aione tu" akaiweka kando yake. Akaweka kidole hapa na kidole pale, akatembea navyo herufi moja moja, kama anayefuata mshono wa nguo mbili kuona kama ni wa fundi mmoja. Herufi ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili sawa. Alipofika katikati alikuwa ameshajua, lakini alifika mpaka mwisho.

Nje walikuwa bado wanapiga kelele. Angeweza kufungua mlango akasema: ni mimi. Badala yake aliifunga ile karatasi ndani ya leso, akatoka, na mdogo wake alipomgeukia akamwuliza, "Au siyo, dada?" yeye akajibu kwa sauti kubwa, "Wameiba tena!"

Alijipa sababu, na sababu huwa hazikosekani. Alisema moyoni: watapima kichupa cha pili, watakuta si kitu. Alisema: mara ya kwanza walimdhulumu kweli, basi uongo huu mmoja ni kulipizana, ngoma iwe sare. Na kubwa kuliko zote, ambayo hata moyoni hakuitamka vizuri: mtaa mzima utasema mama ndiye aliyemharibu mwanawe.

Kichupa cha pili kikatoa jibu lile lile.

Mtaani maneno yakageuka taratibu, kama maziwa yanavyogeuka. Waliopiga kelele kibarazani wakaanza kushusha sauti. Vijana wa kwa kinyozi wakamwimbia akipita: "Taratibu huendi mbio, kumbe unakwenda kwa kidonge!" Naye Taratibu, aliyejua ndani ya nafsi yake kwamba hakumeza dawa hiyo kwa kujua, akaanza kuhesabu mikono iliyomlisha.

Siku ya kusikilizwa, kamati ilikaa nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Mama aliketi kiti cha nyuma na mdogo wake. Katibu, mwanamke mwenye miwani na sauti ya mwalimu, hakuwa mkali. Alisema: "Kijana, ukikiri, au ukatuonyesha dawa iliingiaje, adhabu itapungua. Ukikataa bila maelezo, ni miaka minne. Una ishirini na saba. Fikiri."

"Siwezi kukiri nisichokifanya, mama."

"Basi tusaidie. Siku zile mbili kabla ya mizani, nani alikupa chakula, kinywaji au dawa?"

Taratibu alitazama dari akikumbuka. "Sikula. Maji nilikunywa kwa mama yangu, nusu kikombe." Akageuka nyuma akamtazama, akatabasamu. "Na mama yangu hawezi."

Wajumbe wote wakamtazama yule mama. Wengine wakatikisa vichwa kwa heshima. Naye akainamisha macho kwenye mapaja yake, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

"Aliyebaki nani?" katibu akauliza.

Kocha alikuwa ameketi pembeni, kofia mikononi.

"Kocha alikuwa ananipa vidonge vya vitamini," Taratibu alisema. "Asubuhi na jioni. Mimi sikuviuliza."

"Mwanangu," kocha alisema. Neno hilo moja tu.

Kocha akasimamishwa, uchunguzi ukaanza. Kichupa chake cha vitamini kilichukuliwa. Mazoezini mifuko ikabaki inaning'inia bila mtu, na wazazi wakatoa watoto wao mmoja mmoja.

Wiki mbili baadaye kocha alikuja kwa mama. Hakukaa. Alisimama mbele ya cherehani kama mteja aliyekuja kuulizia nguo yake.

"Mama Taratibu, sikuja kugombana. Wewe kijana anakusikia. Mimi kanizibia masikio, nikipita anavuka barabara. Naomba umwambie neno moja tu. Mwambie kocha hakukuwekea kitu."

Mguu wa mama ulikuwa juu ya kanyagio. Sindano ilikuwa imeingia kitambaani. "Nitamwambia," akasema.

"Mungu akubariki, mama."

Akaondoka. Mama akakanyaga cherehani, mshono ukaenda kombo mpaka ukatoka nje ya kitambaa, na sindano ikavunjika. Ile baraka ndiyo iliyomshinda. Laiti yule mzee angemtukana, pengine angenyamaza mwaka mzima.

Alimkuta mwanawe chumbani kwake, amekaa kitandani anafungua na kufunga bandeji za mikono, kazi isiyokuwa na maana kwa mtu asiye na pambano. Akamwekea ile karatasi ya vidonge mapajani.

"Ni mimi," akasema.

Taratibu aliisoma. Alikuwa msomaji mzuri kuliko mama yake, haikumchukua muda.

"Vingapi?"

"Viwili."

"Kwenye limau?"

"Kwenye limau. Nilikuonea huruma, baba. Midomo yako ilikuwa imepasuka."

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alizungusha bandeji kwenye kiganja, raundi baada ya raundi, halafu akauliza kwa ile sauti yake ya pole:

"Nilipowaambia mama yangu hawezi, ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Ulikuwa umeshajua?"

"Nilijua tangu siku ya barua."

"Hilo la vidonge naliweza, mama," Taratibu alisema. "Hili la pili sijui niliweke wapi."

Walikwenda kwa kamati pamoja, na mama akaeleza yote akiwa amesimama. Muuguzi wa zahanati aliitwa na daftari lake, likathibitisha. Katibu alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema kanuni haina huruma ya mama: kinachoingia mwilini mwa bondia ni juu ya bondia. Ila kwa kuwa imejulikana namna kilivyoingia, miaka minne itakuwa miwili. Ushindi hautarudi. Kumbukumbu zitabaki zimeandikwa dawa. "Ungekuja siku ile, mama," akasema, "tungekuwa tunazungumza habari za miezi. Lakini kijana ametoa tuhuma mbele yetu dhidi ya mtu asiye na hatia, na hilo nalo limeingia kwenye faili."

Kocha alisafishwa kwa barua ya mistari mitatu. Taratibu alimfuata nyumbani kwake siku hiyo hiyo, mama akiwa nyuma yake. Kocha aliwapa viti. Akamsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Wewe ulifanya kwa uchungu wa uzazi, na uoga ni wa kila mtu." Akamgeukia kijana. "Nawe nimekusamehe. Lakini miaka kumi na minne nimekufungia hizo glavu, na ulipoulizwa aliyebaki nani, haikukuchukua hata raundi moja kunifikia. Tafuta mwalimu mwingine, mwanangu. Ulingoni bondia akimtilia shaka mtu wa kona yake, atageuka kumtazama, na hapo ndipo atakapopigwa."

Akawasindikiza mpaka barabarani, akamwuliza mama habari za miguu yake, kama bado inavimba.

Taratibu sasa ana miaka ishirini na tisa na miaka yake miwili ya kufungiwa imekwisha. Hajapata mwalimu. Anamsalimia mama yake kila siku kwa adabu, anamchotea maji, anamtengenezea mlango ukilegea. Akikaribishwa chakula anasema ameshakula. Wala si kwa hasira. Ni kama mkono unakataa wenyewe. Mama hamlazimishi. Anafunika sahani, anarudi kwenye cherehani.

Enyi wenye watoto wanaocheza michezo ya mizani na vipimo, dawa ya mtu ni ya mtu, hata kama anayeitoa ni mzazi mwenyewe. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, watu wakiwa bado kibarazani. Mama huyu alikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Yalikuwa mepesi siku ya kwanza. Alipokuja kuyasema yalikuwa yameshabeba mwanawe, na kocha, na jina la nyumba nzima, na hakuna aliyeweza tena kuyanyanyua.