Ametafuna

Mama yangu hana meno ya mbele, na mimi najua yalikokwenda. Yamo kwenye mkeka. Miaka miwili aliketi mlangoni kwake Modogashe akitafuna magome ya mgunga, ukanda baada ya ukanda, mpaka yalainike na kutoa nyuzi. Gome lisilotafunwa halisukiki, ukilikunja linakatika. Ndivyo wanawake wetu wa Kisomali walivyosuka mikeka ya kufunika nyumba za kuhamahama tangu zamani. Siku hizi wengine huloweka magome kwenye ndoo ya maji, wakaiita kazi. Mama akiuona mkeka wa ndoo husonya.

Kusuka nilisuka mimi. Vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi, havishiki tena sindano. Yeye alitafuna, mimi nikasuka, nikichanganya nyuzi zake na za magunia ya msaada niliyoyafumua. Mkeka ukatoka mrefu kama lori. Hatukuufanya wa kulalia wala wa kuezekea, bali wa kutazamwa, na ukakubaliwa kwenye maonyesho ya sanaa Garissa mjini kwa jina la Nyumba Iliyosimama. Fomu ilitaka majina ya waliotengeneza. Nikaandika: Rahmo ametafuna, Idman amesuka.

Mama hajui kusoma. Sharti lake lilikuwa moja tu: jina lake liandikwe ukutani, alione kwa macho yake mwenyewe. Wiki nzima nilimfundisha herufi yake ya kwanza kwenye mchanga. "Huyu mwenye tumbo na mguu," alisema, "huyu ndiye mimi."

Siku ya ufunguzi tulifika asubuhi. Mkeka ulikuwa umetundikwa vizuri, siwezi kusema uongo. Mama hakuutazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kadi iliyobandikwa kando yake, akaipitia kwa kidole, herufi moja moja, kisha akamwita askari wa mlangoni kwa kile Kiswahili chake kisichojua 'p'.

"Njoo ona! Mimi huyu habo!"

Askari akaja, akacheka naye, akampongeza. Nami nikasogea nisome.

NYUMBA ILIYOSIMAMA. UMEFUMWA NA IDMAN ALIO, GARISSA.

Kidole cha mama kilikuwa juu ya R ya Garissa.

Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka. Nilimtafuta Abdihafid, msimamizi wa maonyesho, nikamkuta akipanga viti vya wakubwa. Nilimuuliza kwa Kisomali jina la mama liko wapi. Akanijibu kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, mtu aliyezaliwa papa hapa Garissa, ambaye mama yake anauza maziwa ya ngamia sokoni mpaka leo.

"Abaayo, dada yangu, mimi nimekusaidia. Uliandika 'ametafuna'. Nikajua ulitaka kusema 'amefuma'. Sasa wafumaji wawili wa nini kwa mkeka mmoja? Nikabakisha jina la msanii."

"Sikukosea. Ametafuna. Kwa meno."

Alikuwa anajua. Niliona macho yake yakikimbilia mlangoni kutazama nani amesikia. Ndipo akakumbuka Kisomali chake, tena kwa kunong'ona.

"Idman, kuna wageni kutoka Nairobi. Wakisikia hiki kitu kimetoka kinywani mwa mwanamke mzee, nani atakisogelea? Watasema ni mate. 'Umefumwa' ni neno safi."

Neno safi! Tena hilo lenyewe kalikosea, maana mkeka husukwa, haufumwi. Anatusahihisha kwa makosa, halafu anatuonea haya. Ningekuwa na kiatu kizito ningemrushia.

"Nyanya yako alikufunika kwa mate hayo hayo," nikamwambia, "ukalala mkavu masika yote. Hukuuliza kama ni safi."

"Kadi zimeshachapishwa," akasema.

Niliporudi, mama alikuwa amekusanya wanawake watatu, anawaonyesha mguu wa herufi yake. Akaniuliza yale maandishi mengine yanasema nini. Nilitamani kumdanganya, wallahi. Ulimi ukakataa.

"Hooyo, hiyo ni Garissa. Wewe hawakukuandika."

Alishusha kidole polepole. Wanawake wakatazama chini. Wakati huo mgeni wa heshima alikuwa ameshaingia na kamera zake, Abdihafid mbele akimwelekeza kwetu kwa tabasamu. Mama akamgeukia Abdihafid, akasema kwa Kiswahili ili asikie kila mtu:

"Jina yangu iko wabi?"

"Eedo, shangazi, tutaongea baadaye," akasema Abdihafid.

Baadaye! Niliibandua ile kadi, nikaikunja mara mbili, nikaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu na chungu kwa wino. Nilitafuna mbele ya mgeni wa heshima, mbele ya kamera, machozi yakinitoka kwa ghadhabu na taya likiniuma, na hapo ndipo nilipojua kidogo tu miaka miwili ya mama ilikuwaje. Nikatema tonge kiganjani, nikamshika Abdihafid mkono, nikamwekea.

"Soma sasa. Nimefuma au nimetafuna?"

Mama ndiye aliyelichukua lile tonge, akalivuta kwa vidole vyake vilivyopinda. Likakatika.

"Bado gumu," akasema. "Tafuna kwa magego, Idman. Umri wote huu hujajua hata kutafuna."

Mgeni mmoja akacheka, kisha akajizuia. Nilichomoa kalamu ya wino mzito kwenye mfuko wa shati la Abdihafid, nikampa mama. Pale kadi ilipokuwa, kwenye ukuta mweupe, akachora mtu mwenye tumbo na mguu. Mguu ukashuka mrefu kupita kiasi, ukafika karibu na swichi ya taa.

Abdihafid akamwamuru askari afute haraka.

Askari alitazama ukuta, akamtazama mama.

"Sina kitambaa, mkubwa," akasema.