Vidole Vilivyopita Kando

Watu wa Amu walikuwa wakisema mikono yangu ina macho. Sikuwakataza. Mtu akisifiwa kwa kazi anayoiweza hana haja ya kujitia haya, na kazi ya kukanda wanawake niliiweza. Bi Mwanamkisi wa Chundwa, walisema, akikutia mkono tumboni atakwambia ulichokula juzi. Ulikuwa uwongo, lakini ulinipendeza, na uliniletea wanawake mpaka kutoka Matondoni.

Mama yangu alinirithisha imani moja, kwamba mwanamke hatibiwi kiungo kimoja kimoja, hutibiwa mzima. Aliyekuja na tumbo nilimuuliza habari za usingizi wake. Aliyekuja na kichwa nilimuuliza habari za mumewe. Nilikuwa nikimkanda mgongo kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, nikimfukiza kwa majani, nikimbadilishia chakula ili baridi imtoke mwilini: mchuzi wa pilipili manga asubuhi, habasoda na asali jioni, na kombe la kunywa kutoka kwa mwalimu, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, kwa ajili ya moyo. Hospitali mtu huulizwa panapouma, nami nilikuwa nikiwacheka. Utajuaje panapouma kama humjui anayeumwa? Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba nililolifanya nililifanya kwa ujinga.

Bi Umulkheir alikuwa mke wa Bwana Jeilani, mfanyabiashara wa boriti. Alipoolewa mimi ndiye niliyemfunda, kwa hiyo mpaka uzeeni aliniita somo. Hakujaliwa mtoto. Badala yake alikuwa na chuo cha wasichana nyumbani kwake, akiwasomesha Kurani na sheria za twahara, na nusu ya wanawake wa mtaa wetu walijifunza kwake namna ya kuoga janaba na namna ya kuhesabu siku zao. Alikuwa mkali kwenye hesabu hiyo. Msichana akikosea siku moja, alirudishwa mwanzo wa sura.

Damu yake ilikoma akiwa na miaka arubaini na tisa. Masheikh huuita umri huo umri wa yaasi, yaani wa kukata tamaa, na sijui ni nani aliyechagua jina hilo, lakini hakuwa mwanamke. Bwana Jeilani akahamishia kitanda chake chumba cha chini. Hakumtukana, hakumnyima kitu, alikuwa akimwamkia kila asubuhi kama mtu anavyomwamkia shangazi yake. Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na tano akaposa msichana wa Kizingitini, Saadiya, na harusi ikawekwa baada ya Maulidi. Umulkheir ndiye aliyechagua kanga za kumpelekea mwari.

Mwezi mmoja kabla ya Maulidi aliniita. Nilimkuta ameketi kitandani, mikono imelala mapajani.

"Somo," akasema, "zimerudi."

"Zimerudi nini?"

"Siku zangu. Tangu yuzi."

Alikuwa na miaka hamsini na tatu. Nilimlaza, nikamfunua tumbo, nikapaka mafuta, nikaanza kukanda kama kawaida, kutoka mbavuni kushuka chini. Chini ya kitovu, upande wa kushoto, vidole vyangu vilikuta kitu. Kilikuwa kigumu, ukubwa wa kokwa la embe, na nilipokisukuma hakikusogea. Nimeshika vizazi vingi maishani mwangu. Nakijua kilicholala, nakijua kilichopinda, nakijua kilichobeba. Hiki hakikuwa chochote katika hivyo.

Yeye alikuwa akitazama boriti za dari.

"Wasemaje, somo?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Niliogopa, hilo la kwanza. Na nilimpenda, nikaona uso wake umetulia na una tamaa kidogo, tamaa ambayo sikuiona tangu siku ya harusi yake. Na la tatu, ambalo ndilo linaloniudhi zaidi, nilikuwa Mwanamkisi mwenye mikono yenye macho, na sikutaka kusema sijui.

"Kizazi kimeamka," nikasema.

Akafunga macho, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo.

Habari haikuchukua siku mbili kuenea. Wanawake walikuja na halua na vicheko, wakamtania kwamba sasa atahitaji kununua nepi. Walimwita bibi harusi. Kuna mmoja aliniuliza kama ningeweza kumwamsha na mama mkwe wake, nikamwambia huyo mwache alale. Bwana Jeilani alipeleka mtu Kizingitini kusema harusi ingoje kidogo, kisha akapandisha kitanda chake juu. Mimi nikapewa jozi ya kanga na sifa ambazo sikuwahi kupata. Nilijifunga kanga hizo. Nilipita nazo njia kuu.

Nikawa naenda kwake kila siku baada ya Alasiri. Nilimtibu kama nilivyofundishwa, mzima mzima. Nilimkanda nyayo, magoti, kiuno, mabega, hata masikio. Nilimlisha kuku wa kienyeji kwa tangawizi. Nilimfukiza. Nilimsikiliza akisema, na alisema mambo mengi miezi ile, alikuwa kama aliyefunguliwa ulimi. Mahali pamoja tu sikupagusa tena. Vidole vikifika pale vilipita kando, kama mtu anavyokwepa tope njiani. Nilijiambia ile ni baridi iliyoganda, itayeyuka kwa joto. Kila mwezi nilimuuliza zimeendaje, naye alinijibu, siku saba, somo, kama za msichana.

Lakini alikuwa akikonda. Mashavu yaliingia ndani na rangi ikamtoka. Karibu na Rajabu nikaanza kusikia harufu chumbani, si harufu ya uchafu, kwa maana hakukuwa na mwanamke msafi kumshinda. Nikaongeza udi chetezoni. Siku ya pili nikaongeza tena. Bwana Jeilani alisema nyumba yake inanukia kuliko nyumba yoyote Amu, naye alikuwa amefurahi kweli, masikini.

Ikaingia Ramadhani. Siku ya tisa niliambiwa yumo katika siku zake, hafungi, basi nikampikia uji wa mtama kwa samli nikampelekea mchana nikiwa nimeufunika na upande wa kanga, maana si adabu kuonyesha chakula mbele ya waliofunga. Sikubisha hodi kwa nguvu. Nilisukuma mlango wa chumba chake nikamkuta amejifunika shuka nyeupe, yuko kwenye msala, anasujudu.

Nilisimama na bakuli langu mpaka akatoa salamu. Mwanamke aliye katika hedhi hasali wala hafungi. Akisali ni dhambi, na huyu ndiye aliyewafunza watoto wetu hivyo, kwa fimbo ya henzerani mkononi.

"Bi Umulkheir," nikasema, "wasali?"

"Nasali."

"Na damu?"

"Ipo."

"Na saumu?"

"Nimefunga. Weka huo uji, somo. Keti."

Nikaketi. Akakunja msala wake taratibu, akauweka juu ya kasha, akageuka kunitazama kama anavyowatazama wanafunzi.

"Damu ikipita siku kumi na tano, kitabu chasemaje?"

"Si hedhi tena."

"Ni nini?"

Nililijua neno hilo. Kila mwanamke wa Amu analijua, hufundishwa akiwa na miaka tisa, kabla hajajua litamfaa nini.

"Istihadha," nikasema. "Damu ya ugonjwa."

"Mwezi ule wa kwanda zalipita kumi na tano. Siku ya kumi na sita nalikoga, nikasali. Tangu hapo haikunipita sala hata moya. Huoga, hujifunga kitambaa, husali. Haiyakatika, somo. Miezi saba haiyakatika."

"Uliniambia siku saba."

"Nawe uliniambia kizazi kimeamka."

Alisema bila hasira, na laiti angekasirika ningejitetea, mimi ni mtu wa kujitetea.

"Siku ile nilikwita uniambie kweli," akasema. "Nalikuwa na shaka. Nikasema, mikono ya somo wangu ina mato, akisema ni ugonjwa nitakwenda hospitali, ndia si mbali. Uliposema kizazi kimeamka nikafurahi mno. Nikasema huenda Mola amenitazama na mimi. Siku ya pili ukaya kunikanda, vidole vikapita kando. Siku ya tatu vikapita kando. Mwili mzima wanikanda, pale hugusi. Ndipo nikayua kuwa wayua."

"Na mbona hukusema?"

"Nalingoja uande wewe kusema."

Kisha akasema, "Na Bwana alikuwa amerudi yuu. Ningesema, kitanda kingeshuka siku ile ile. Miaka minne nimelala peke yangu, somo. Nalitaka kulala na mtu. Ni aibu kusema, na umri huu, lakini nalitaka."

Nikamshika miguu, nikalia. Nilimwambia twende hospitali sasa hivi. Akasema Bwana aambiwe taratibu, na akaniomba nisimwambie ugonjwa ni wa tangu lini. Siku ya tatu yake tukaenda, yeye na mimi tumejifunika buibui, Bwana Jeilani mbele yetu akitembea haraka kisha akisimama kutungoja.

Nesi alikuwa binti wa Mombasa, umri wa kuwa mjukuu wangu. Alimlaza, akanawa mikono, akaweka vidole viwili chini ya kitovu, upande wa kushoto. Vilikwenda moja kwa moja. Hakujua chochote kuhusu Umulkheir, wala kuku wa tangawizi, wala Kizingitini, wala kitanda kilichopanda na kushuka, na vidole vyake vilifika pale mara ya kwanza. Uso wake ukabadilika.

"Hii imeanza lini, mama?"

Umulkheir hakunitazama.

"Mwezi mmoya," akasema.

Nesi akamwita daktari, na daktari naye akasema aliyoyasema. Mombasa wangeweza kupasua na kulitoa lile kokwa kama lingekuwa dogo bado. Sasa limeshika huku na huku. Akatupa dawa ya maumivu. Bwana Jeilani aliegemea ukuta wa nje akasema, "Mwezi mmoya tu, Bi Mwanamkisi, na limefika hapa. Hiyo ni kadari, mtu afanyeje?" Nikamwambia ni kadari.

Hakukishusha kitanda chake. Lazima niseme haki yake. Alilala juu kando ya mkewe mpaka mwisho, pamoja na ile harufu, na udi niliacha kuuchoma kwa kuwa hapakuwa na wa kufichwa tena. Laiti Umulkheir angalijua hivyo miezi saba nyuma. Laiti yeyote kati yetu angaliuliza.

Alikufa tarehe nne Mfungo Mosi, baada ya kuila Idi kwa vijiko viwili vya tambi.

Aliusia nimwoshe mimi. Kwenye kuosha nilisaidiwa na dada yake, Bi Alawiya, aliyekuwa akimimina maji. Tulimlaza juu ya ubao, tukamfunika shuka, tukaanza. Aliyepata kuosha maiti anajua kwamba kabla ya yote unamwinua maiti kidogo, ukapitisha mkono wa kushoto tumboni, ukabonyeza, ili kilichobaki kitoke naye aende safi. Haliwezi kurukwa hilo, na hakuna namna ya kupita kando. Nilizungusha kitambaa mkononi, nikaingiza mkono chini ya shuka, nikaupitisha. Kokwa nililoliacha lilikuwa limekuwa dafu. Mkono wangu ulikaa pale.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nimekingoja kiniumbue. Nilitaka mtu aniulize.

Bi Alawiya aliacha kumimina maji. Alikuwa akinitazama mkono.

"Bi Mwanamkisi," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa ukimkanda kila siku. Hili kweli lilikuwa la mwezi mmoya?"

Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye ubao. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa watatu tu humo ndani, na mmoja alikuwa amekwisha kusema jibu lake kwa ajili yangu.

"Kweli," nikasema. "Mwezi mmoya."

Akainua kopo, akaendelea kumimina, nami nikaendelea kuosha.