Mkate Ndani ya Bakuli la Waoro

1.
TANGAZO KWA WOTE WANAOPANDA
Vyombo vya anga vya aina ya Jirani vimeundwa kwa kazi mbili tu: elimu na suluhu. Mbele ni maabara, nyuma ni sebule ya wageni. Jiko liko katikati, ili pande zote mbili zikutane.
Chombo hakina silaha.

2.
Hakina.

Mjumbe Kibibi Shekue alilipita tangazo hilo kila siku. Siku hizi alikuwa akisimama, akalisoma tena.

3.
Mambo yalianza kwa uzuri, tena uzuri wa kupita kiasi. Waoro, wenyeji wa sayari ile, walileta bakuli la kitu kitamu, rangi ya zambarau. Chombo kizima wakalamba vidole. Kibibi alilelewa akaleleka: bakuli la jirani hulirudishi tupu. Akawaambia Waoro, kwa mashine ya kutafsiri, wasubiri, atawapikia mkate wa kumimina.

Kumbe nao wana ya kwao. Bakuli lao likilala ugenini, mtoto wa mwenye jiko hulala kwa Waoro mpaka lirudi.

Ndivyo Tausi, bintiye wa pekee, alivyoshuka kwa Waoro na mswaki na doti moja ya kanga.

4.
(Sauti mbili. Mlango wa maabara haukufungwa vizuri. Kibibi anapita na unga wa mchele.)

— Kitaingia wapi?
— Kwenye mkate. Kadude kenyewe kama punje. Kitatusikilizia kila wanalosema.
— Na wakikiona?
— Hawakioni.
— Mtoto wa Mjumbe yuko kule, bwana.
— Funga ml

5.
Tausi, kwa redio:
"Mama, shikamoo. Sijambo. Wananilisha mpaka basi. Ila kuna mmoja hatoki mlangoni. Nikienda kuoga, yupo. Namuuliza, unalinda nini? Anasema, bakuli. Mama, usichele

6.
Wewe unayesoma, ungefanyaje? Ulirudishe tupu, uwatukane watu walioshika mwanao? Ama ulirudishe na mkate, nao waje waukate?

Usijibu haraka. Mtoto si wako.

7.
Mkate ulishaiva, ukapoa, ukakaa mezani peke yake wakati Kibibi ameitwa kwa nahodha. Aliporudi alimkuta Mkumbo, mkuu wa maabara, amesimama jikoni, mikono nyuma.

"Karibu mkate, Bwana Mkumbo."

"Ahsante, Bi Kibibi. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Jiko langu, na leo hujaonja hata chai."

"Tumbo linanisumbua."

"Kipande tu. Hiki cha katikati."

Mkumbo akacheka, cheko la meno tu. "Bibie, unanishuku mimi? Ya Waoro ulikula hukuuliza. Tena ukaomba nyongeza."

Hilo lilimchoma, maana ni kweli.

8.
AMRI YA NAHODHA
Bakuli likabidhiwe sasa hivi. Mjumbe asikate mkate kabla ya wageni.

9.
Naye nahodha pia?

Hakuukata. Aliubomoa kwa vidole, kama anayemtafutia mtoto mwiba kwenye samaki. Iliki. Nazi. Kombo juu ya kombo.

Punje.

Inameta.

10.
Mlango wa sebule ulifunguka. Mzee wa Waoro aliingia, na nyuma yake Tausi, mkono wake umeshikwa na yule wa mlangoni. Tausi alikuwa amekonda macho, si mwili.

Kibibi alilitoa bakuli kwa mikono miwili. Makombo matupu, na juu yake ile punje, wazi kabisa.

"Mkate nimeupika mimi," alisema. "Hicho kimetiwa na wenzangu, kiwasikilize. Sikutaka mkikute wenyewe. Nipeni mwanangu."



Mzee aliiokota punje, akaigeuza kwenye mwanga. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alizungumza Kiswahili kidogo alichofundishwa na Tausi, taratibu, kwa adabu zote.

"Ahsante, mama. Na punje yetu je, mliiona?"

Mkono wa Kibibi ulishuka wenyewe, ukashika tumbo.

Wa Tausi ulikuwa bado haujaachiwa.